Mkono wa Ng'ambo

Mjukuu wangu Fidea,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Maguu tumeanza kuchuma kahawa, na mama yako hajambo.

Unasema molekuli zenu za baridi kali huko maabara lazima zishuke hadi nishati ya chini kabisa, na zikikawia hatua ya katikati zinapotea. Ndiyo maana, kati ya miale miwili ya leza inayozishusha, mnawasha kwanza ule wa upande wa mwisho. Unauliza kama niliwahi kuona jambo likianzia mwisho.

Niliona mtoni, nikiwa msichana. Mimi na mama tulikuwa tukiteremka kwenda hospitali Liuli, nimembeba mgongoni mtoto wa dada yangu mwenye homa kali. Maji yalikuwa yamejaa, na katikati palikuwa na jiwe moja tu, tena linatikisika. Nikainua mguu. Mama akanishika.

"Subiri yule baba anayeshuka kule ng'ambo afike ukingoni, anyooshe mkono."

"Mama, mtoto amenyamaza."

"Subiri."

Mkono uliponyooshwa, nikaruka. Jiwe likapinduka chini yangu, lakini nilikuwa nimeshashikwa.

Mtoto yule ndiye mjomba wako Kanisio. Watu husifu nilivyoruka. Mimi nakumbuka kule kusubiri. Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Ni mimi bibi yako.