Wamempa Baba Honi ya Mtu Mwingine

Jumamosi, Katubuka. Mvua ya asubuhi imekatika, bati bado linadondosha, na mimi nimeamka na hasira zile zile nilizolala nazo. Nimekunywa chai, hazijapungua. Basi nimeona niziandike.

Kwa usiyezijua habari za nyumbani kwetu: baba yangu aliendesha treni za abiria, za dizeli, mpaka alipostaafu. Baadaye macho yakaanza kumsumbua, na sasa haoni kabisa. Kabla hayajazima alikuwa ameshatengeneza kwa mkono wake stesheni ya Kigoma ya mbao na bati, reli zikizunguka meza nzima, na kichwa cha treni kimoja kisichozidi kiatu changu. Nikaapa kwamba kama hawezi kukiona tena, basi atakisikia.

Mimi ni fundi wa simu na redio, vitu vidogo havinitishi. Nikaagiza dikoda. Ni kadi ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, inakaa ndani ya kichwa cha treni, inapokea amri za rimoti kupitia reli zenyewe, kisha inazungusha mota na kutoa sauti kwenye spika. Ilikuja imejazwa sauti za huko ilikotoka: kengele, filimbi, mvuke unaopumua puh puh puh. Nikazifuta zote.

Miezi minne tumekaa mezani, Baba na mimi. Nilirekodi dizeli yenyewe pale stesheni, baada ya kuomba ruhusa, na dereva wa zamu akanibonyezea honi kwa moyo mweupe. Baba ndiye aliyekuwa mkaguzi. Breki ziachie hewa kwanza, anasema, halafu injini ingurume, halafu hesabu mpaka tatu, ndipo magurudumu yaguse. Nikiweka mwendo wa haraka anatikisa kichwa, anasema mabehewa yaliyojaa watu na magunia hayaondoki kama bodaboda. Nabadilisha namba kwenye mipangilio, tunaanza upya.

Halafu honi. Zamani kila dereva alikuwa na mkono wake wa kupiga honi akikaribia Kigoma. Nyumba za huku kwetu ziliijua mikono hiyo bila kuchungulia dirishani. Ya Baba ilikuwa moja ndefu, halafu mbili fupi. Mama akiisikia tu anabandika maji ya kuoga, na maji yalikuwa yanapata moto sawasawa na Baba anavyofika mlangoni. Sikumbuki hata siku moja alipokosea.

Sasa niseme kilichoniudhi.

Kuna chumba cha maonyesho kimefunguliwa Ujiji, cha mambo ya kale ya mji. Mratibu wake simtaji jina, maana mkewe anasoma blogu hii na sina ugomvi naye. Alikuja mwenyewe nyumbani, akamwamkia Baba shikamoo kwa adabu zote, akaomba treni ikae pale wageni waione. Baba alikubali kabla sijakohoa. Nikaifunga meza yote kule, nikaacha na kisanduku cha kupakilia sauti, endapo patahitajika marekebisho.

Jana alasiri ndio ulikuwa ufunguzi. Baba alivaa koti lake la kazi, lile ambalo Mama amelipiga pasi mpaka linang'aa viwiko. Tukakalishwa mbele. Mratibu akahutubia, akamsifu, akashika rimoti.

Puh puh puh puh. Na filimbi ya mvuke kama birika limesahaulika jikoni.

Watu wakapiga makofi. Kichwa cha dizeli, kimepakwa rangi na Baba mwenyewe, kinapumua mvuke! Mratibu alikuwa ameangalia video kwenye simu, akachukua kisanduku changu, akafuta miezi yetu minne, akajaza vyake. Bila kuuliza. Bila hata ujumbe wa simu.

Baba aligeuza uso upande wangu. Akauliza taratibu, kana kwamba yumo abiria mgeni kwenye chumba chake cha udereva: "Sofia, huyu anayeendesha ni nani?"

Akaomba nimrudishe nyumbani. Kwenye bajaji kofia alikuwa ameivua, ameishika magotini.

Nilimpigia Mratibu mara tulipofika. Akacheka kidogo, akaniambia, "Dada Sofia, wageni wanataka treni inayosikika kama treni."

Inayosikika kama treni! Mtu amemaliza ujana wake kwenye ile reli, ameibeba masikioni, halafu anakuja mtu ambaye treni kaiona kwenye katuni kumfundisha inavyolia. Na anayefundishwa hana macho, masikio ndiyo kila kitu alichobaki nacho. Ningekuwa mtu wa kutukana ningetukana. Nilikata simu, nikamwita Mama, nikamtukana Mratibu mbele yake.

Leo asubuhi, mvua haijakatika, nimekwenda Ujiji. Nimechukua kichwa cha treni, rimoti, kisanduku na kipande cha reli, nimevifunga kwenye kanga, nimeaga vizuri nikaondoka. Mratibu alinifuata hadi mlangoni akilalamika kwamba Jumatatu ana wageni wakubwa.

Nimeweka reli kwenye meza ya chakula na kupakia upya sauti zetu. Baba amekaa na kikombe chake. Hewa ya breki ikatoka, akaitikia kwa kichwa. Injini ikanguruma, akatabasamu. Nikabonyeza honi. Moja ndefu, mbili fupi.

Akaweka kikombe chini.

"Na huyu?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia huyo ni wewe, Baba. Akasema huyo ana haraka. Akanieleza kwamba baada ya ile ndefu, pale kwenye kona ya mwisho, yeye alikuwa anangoja milima imrudishie sauti. Ikishamrudia ndipo anabonyeza zile mbili. Siku za mvua alingoja zaidi, siku za jua kidogo.

Ule ukimya nilikuwa nao. Alikuwa ameniimbia honi yake siku ya kwanza kabisa, nikamrekodi, na ukimya ulikuwemo. Kwenye kompyuta ulionekana mstari mtupu, nikaukata, kama ninavyokata kila sehemu isiyo na kitu, ili nibane nafasi kwenye kadi. Sikuuliza. Wala sikumwambia.

Nikamuuliza mbona miezi minne yote hakusema.

"Ulikuwa umefurahi," akasema.

Nimekwenda kusimama uani kidogo. Hasira zangu kwa Mratibu zipo pale pale, nisieleweke vibaya. Ila sasa zina mtu wa pili wa kuzigawana, na huyo namwona kila nikijitazama kwenye kioo.

Na kuna jingine la kukiri. Muda wote huo sikuwahi kumpa Baba rimoti. Nilisema moyoni haoni vitufe, nikawa nambonyezea mimi.

Basi nimeivunja honi vipande vitatu: kuanza, kuendelea, kuisha. Nimepanga dikoda ianze kidole kinapobonyeza, iendelee kulia kidole kikiwa palepale, iishe kidole kikiachia. Hakuna faili linaloamua urefu. Juu ya kitufe nimebandika punje ya mchele kwa gundi ili dole gumba lake lisipapase. Nimemkabidhi.

Aliishika kama kitu alichokiazima mtu akakirudisha. Akaondoa breki. Akahesabu. Akaachia treni itambae hadi mwisho wa reli, akabonyeza moja ndefu.

Kisha akangoja. Mimi kule kungoja nusura kuniue, mkono wangu ulikuwa unawasha. Yeye kainamisha sikio, anasikiliza kitu ambacho mimi sikisikii.

Mbili fupi.

Mama alikuwa jikoni, amechoka na kelele zetu tangu asubuhi, alikuwa ameshasema anatamani treni hiyo ianguke ziwani. Nikasikia sufuria kubwa likiburutwa, maji yakimiminwa, jiko likipulizwa. Baada ya muda akatokea mlangoni na taulo begani.

"Baba Sofia, maji tayari," akasema, na sidhani kama alijua amesema nini mpaka alipotuona tunamtazama.

Baba amekwenda kuoga saa nane mchana.

Nami nimemwandikia Mratibu ujumbe. Treni itarudi Jumatatu, pamoja na dereva wake. Aandae kiti kimoja mezani, na rimoti asiiguse.