Kasule Yangu Siiombei Msamaha

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Machakos.

Baridi ya leo ni ile ya Julai kabisa. Tangu asubuhi ukungu umekalia milima ya Iveti na hautaki kuondoka. Nimetoka misa nikiwa na sweta mbili, nimekaa mezani kwangu na chai ya tangawizi, na bado niko na hasira. Nikisema ukweli, hasira yenyewe inanipa joto kushinda hizo sweta.

Mbele yangu kuna karatasi moja ya fuliskap, tupu. Nilipewa jana jioni na Bwana Kioko, meneja wa gesti ninakopika. Kesho saa mbili asubuhi anataka aikute mezani kwake imejaa msamaha, nusu kwa wageni na nusu kwake. Nisipoileta, jiko linakuwa la Chef Dennis, na mimi narudi kuosha sufuria, kazi niliyoanza nayo pale miaka saba iliyopita.

Yote haya ni kwa sababu ya maharagwe.

Wacha nianze mwanzo. Jumanne mtu alipiga simu akauliza kama tunaweza kulisha Wafaransa kumi na wawili, watu wazima waliostaafu, chakula cha mchana siku ya Jumamosi. Wamezunguka Kenya wiki tatu na wamekikosa chakula cha kwao. Bwana Kioko alisema tunaweza kabla hajauliza ni chakula gani. Ndivyo alivyo. Halafu akaandika kwenye kitabu cha oda, kwa herufi kubwa: FRENCH BEAN STEW, WATU 12.

Kama wewe unayesoma ni wa huku kwetu, ushajua kilichofuata. Huku ukisema french beans umesema mishiri, ile ya kijani inayolimwa Yatta na kupandishwa ndege. Jumatano asubuhi gunia zima la mishiri likashushwa mlango wa jikoni. Bwana Kioko alisimama kando yake akitabasamu, mtu aliyemaliza kazi mapema.

Nikamwambia, pole pole, kwamba hao watu hawataki mishiri. Wanataka mchuzi wa maharagwe makavu, meupe, unaopikwa kwa nyama ya nguruwe kwenye chungu mpaka juu ufanye gamba. Wafaransa wanauita kasule. Ufaransa uko kwa wapishi, hauko kwa maharagwe.

"Mama Syombua," akasema, "hapa imeandikwa french beans. Na aliyeandika ni mimi."

Nilimcheka siku nzima. Nilicheka na wahudumu, nikacheka na mwenye kuleta maziwa. Na sikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yake.

Hii sijawahi kuisema hapa. Kabla ya gesti nilifanya kazi Syokimau miaka tisa, kwa mama mmoja Mfaransa aliyeitwa Odile. Wiki yangu ya kwanza aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuvunjika kwamba Jumapili tutapika bean stew, French. Mimi nikakimbia sokoni Mlolongo nikarudi na kilo tatu za mishiri, nimeshaikata ncha zote nikiwa njiani ili anione mfanyakazi mzuri. Madam alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akainuka, akanipeleka yeye mwenyewe kununua maharagwe meupe, na jioni hiyo tukala mishiri na mayai.

Kila mwaka baridi ikiingia, tulipika kasule. Kwao huwekwa bata, lakini huku hakupatikana, kwa hivyo Madam akaweka kuku wa kienyeji. Nguruwe ya kawaida, na ngozi yake. Soseji. Kitunguu saumu kingi. Nyanya mbili, si zaidi. Juu akapukuta mkate wa jana. Chungu alikinunua Kyumbi, pale wanapopanga vyungu kando ya barabara. Gamba likishika juu, unalivunja kwa mgongo wa kijiko, unalizamisha, unangoja lishike tena. Mara saba. Nilikuwa nahesabu kwa Kikamba na yeye anahesabu kwa Kifaransa, na tulikuwa tunafika saba pamoja.

Aliniambia kwamba mama yake alikuwa anaweka mkate juu, na shangazi yake wa nyumba ya pili alikuwa hali chakula hicho kwa sababu ya huo mkate. Miaka mingi. Hali, na kila Jumapili anakuja kukikataa.

Aliporudi kwao alinipa chungu. Vitu vingine aliuza.

Sasa Chef Dennis. Kijana alikuja kwetu mwezi wa tano na cheti chake kwa fremu, na cheti kikatundikwa juu ya friji, mahali kalenda yangu ya parokia ilikuwa. Si mtu mbaya. Ana mikono safi na anaheshimu visu vyake. Lakini Alhamisi alipoona nimeloweka maharagwe na kutoa nyanya mbili, alitoa simu.

"Mathe, hapana. Hii si original." Akasoma: nyanya hakuna. Mkate hakuna. Kuku hakuna kabisa. Bata lazima, na mafuta ya bata.

Nikamuuliza bata tutamtoa wapi. Akapiga simu nusu siku. Mwishowe alipata mzee mmoja njia ya Mwala mwenye bata wawili, na huyo mzee akakataa kuwauza kwa sababu wajukuu wake wamewapa majina.

Nikamwambia Dennis kwamba mimi nimefundishwa na mtu mwenye chakula chake, kwa mikono yake, na hiyo simu sijui imefundishwa na nani. Akasema original ni moja tu. Nikamuuliza isyo original, haya mahindi na maharagwe yetu Wakamba, ni ya nani basi, ya mama yake au ya mama yangu. Akasema mama yake hununua isyo ikiwa imechemshwa tayari. Hapo nikamhurumia kidogo.

Bwana Kioko aliitwa kuamua. Alikuwa bado na uchungu wa gunia, kwa hivyo akaamua tufuate simu. Nami nikavua aproni nikaiweka mezani. Nikasema, mbele ya wote, kwamba nitapika kama nilivyofundishwa, ama chungu ndicho hicho, Dennis apike. Dennis akaangalia chungu. Chungu kikamwangalia. Akasema afadhali yeye ashughulikie saladi.

Nikavaa aproni yangu.

Jana niliamka mapema nikapika kama mtu anayepikia mama yake. Mara saba nikavunja gamba, na nikahesabu kwa sauti, kwa Kikamba, peke yangu. Chungu kilipotoka ovenini, hata Dennis alikuja kunusa, akaondoka, akarudi kunusa tena. Saa saba wahudumu wakabeba chungu mpaka kwa meza ya wageni.

Kwa dakika chache nilisikia vijiko tu. Halafu kelele zikaanza.

Nilichungulia. Mzee mmoja mwenye kipara, uso mwekundu, ameisukuma mbali sahani yake kwa vidole viwili na amekunja mikono. Mama wa upande wa pili anamnyooshea kijiko. Wawili wengine wanasemeshana kwa wakati mmoja. Binti aliyekuja nao kuwatafsiria, Mkenya, alikuwa anacheka amejifunika mdomo.

Bwana Kioko aliingia jikoni mbio. "Mama Syombua, wanapigana. Toka uende uwaombe msamaha, sasa hivi. Useme tutawapikia mishiri."

Nilitoka na aproni yangu. Sikuwa nimepanga kusema lolote, nilikuwa nimepanga kusema pole, naapa. Lakini nilipita karibu na yule binti nikamuuliza kwa sauti ya chini wanagombania nini. Akasema yule mzee anasema kasule haiwekwi mkate juu, huo ni ukafiri. Na yule mama anasema isiyo na mkate ni supu ya wagonjwa. Na hao wawili wanagombania nyanya. Kuhusu kuku hawajafika bado.

Basi nikajua niko nyumbani kwa watu.

Nikamwambia binti atafsiri. Nikasema mimi ndiye nimepika. Nimefundishwa na mama mmoja wa kwenu anaitwa Odile, na kwao waliweka mkate, na shangazi yake alikataa kula mpaka akafa. Nikasema hata huku kwetu kuna watu wameacha kuongea kwa sababu ya isyo. Mkate nimeweka mimi, nyanya nimeweka mimi, kuku nimeweka mimi, na bata ameshindikana kwa sababu ana jina. Anayetaka kula ale. Asiyetaka kuna saladi.

Pole sikusema.

Walicheka, karibu wote. Yule mama mwenye kijiko alisimama akaja kuangalia chungu, akakigusa pembeni na kunishika mkono. Tisa kati yao waliomba kuongezwa. Yule mzee mwenye kipara hakula hata kijiko kimoja. Alikula saladi, na mke wake akala kasule yake. Aliniangalia mpaka mwisho kwa jicho baya, nami nikamwangalia.

Bwana Kioko hakujali nani ameongezwa. Kilichomuuma ni kwamba aliniamuru niombe msamaha mbele ya watu na mimi nikahutubia. "Umeniaibisha kwa kazi yangu," akasema, na akanipa fuliskap.

Sasa nimekaa nayo tangu saa nane.

Nimejaribu. Nimeandika kichwani, "Mimi ninaomba radhi kwa," na hapo nakwama. Kwa nini hasa? Kwa mkate? Kwa nyanya mbili? Kila nikitafuta kosa langu la jana silipati. Badala yake narudishwa kwa vile vidole viwili vya yule mzee, namna alivyosukuma sahani. Tangu jana nilijua nimeviona mahali.

Leo katikati ya misa ndipo nikakumbuka. Ni vyangu.

Krismasi ya juzi tulikuwa nyumbani Muthetheni. Ndugu yangu alikuwa ndio ameoa, na wifi yangu Wakesho ni Mtaita aliyekulia Mombasa. Alitaka kutupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe, yeye mwenyewe, bila kusaidiwa. Alikoboa mahindi kwa kinu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Halafu akaupika kwa tui la nazi, kama wanavyopika maharagwe huko alikokulia. Nilionja. Nikaisukuma sahani kwa vidole viwili. Nikageukia dada zangu nikasema kwa Kikamba, ili yeye asielewe, kwamba hii ni dawa ya kikohozi na si muthokoi.

Alielewa. Alikuwa amejifunza Kikamba miezi minane na sikujua.

Tangu siku hiyo, nikifika Muthetheni, Wakesho ananikaribisha vizuri, ananiambia shikamoo wifi, ananiletea chai na mkate. Mkate wa dukani, umepangwa vizuri kwenye sahani. Chakula alichopika yeye hajaniwekea tena. Na mimi nimekuwa nikisema ana madharau.

Halafu jana nikasimama mbele ya wageni nikajipiga kifua kuhusu isyo, na mtu mwenye vidole viwili ni mimi. Na nikisema ukweli wote, ule muthokoi ulikuwa mtamu. Nilionja kijiko kimoja tu na mpaka leo naukumbuka.

Kwa hivyo barua nimeiandika. Nimetumia fuliskap ya Bwana Kioko, mistari yote ya juu na michache ya chini:

"Wifi yangu Wakesho. Krismasi ya juzi nilikuvunjia heshima jikoni kwako mbele ya watu, na kwa lugha niliyodhani huijui. Muthokoi wako ulikuwa muthokoi. Naomba unisamehe. Jumamosi ijayo ninakuja, na sitaki mkate. Nipikie ule wa nazi. Nitaleta chungu kikubwa cha kutosha. Ni mimi, Mama Syombua."

Nimeikunja. Jirani yangu anapanda Muthetheni leo kumwona mama yake, amesema ataifikisha. Ningeweza kutuma kwa simu, lakini nilitaka aishike mkononi, aone nimeandika kwa kalamu.

Sijui kama atanisamehe. Kesho kazini pia sijui. Labda kesho mchana nitakuwa nimeinamia sinki na Dennis anapika kwa kusoma simu. Sufuria nimeziosha zamani, sijasahau namna. Lakini chungu ni changu, na nikiondolewa kwa jiko kinaondoka nami.

Saa mbili asubuhi nitaingia na aproni safi. Kuna mishiri bado nusu gunia, lazima mtu aipike kabla haijaoza, na nitaanza na hiyo. Bwana Kioko akiniuliza barua ya msamaha iko wapi, nitamwambia imeshafika Muthetheni.