Kipozamataza wa Mawe Meusi na Sabuni ya Mama Habiba

Mzee Swaleh,

Ni mimi Koome, yule uliyeniita Profesa wa Kidato cha Pili kwa sababu masomo yangu yaliishia hapo. Najua ulizoea kunisikia kuliko kunisoma, lakini nina habari kubwa na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, baada ya Ruiri nzima.

Nimemwona. Yule kipozamataza wa mawe meusi, kindege cha kahawia ulichokitafuta miaka yote kule jangwani ukijifanya umeenda kununua mbuzi. Nimemwona kwa macho haya mawili, bila darubini. Tulia kwanza, kuna jambo lingine itabidi nikuambie na halinipendezi.

Nianze na bucha yako. Idi mwanao ameipaka rangi ya kijani na kuweka kioo mbele ya nyama. Anapima vizuri, lakini hajui kuongea na mtu huku akikata. Kwako mtu alitoka na kilo ya mbavu na hadithi tatu. Kwa Idi anatoka na mbavu tu. Supu bado ni ile ile, nimeikagua mara nyingi kwa niaba yako.

Sikukuzika, Mzee. Ijumaa ile nilikuwa nimepeleka matumbo Kiirua. Nilipopigiwa simu nikapanda bodaboda, kufika nikakuta udongo umeshasawazishwa. Nyinyi Waislamu mna haraka jamani. Kwetu ningepata wiki nzima ya kulia, na chai juu. Ile kwaheri yangu nikabaki nayo, ndiyo hii naandika.

Idi alinipa darubini yako na lile daftari la ndege linalonuka mafuta ya mbuzi. Alisema, "Vichukue, mimi ndege ninayemjua ni kuku." Darubini niliivaa siku hiyo hiyo nikatembea nayo sokoni. Daftari sikulifungua.

Basi wageni wako, wale uliokuwa ukiwapeleka kutazama ndege, wakaanza kunipigia simu, nami nikajiona mkubwa. Nikawapeleka walimu watatu wa Embu mpaka kule jangwani, kisimani kwa Mama Habiba anayesimamia maji. Unakumbuka sheria yako: darubini ikae mfukoni mpaka umesalimia, ngamia wamekunywa, na Mama Habiba mwenyewe amesema "haya". Ulikuwa ukikaa pale unakunywa chai tatu mimi nikisonya. Sasa mimi mjuaji nikaona hayo ni mambo ya wazee. Tumeshuka tu garini, kundi la firigogo likatua nyuma ya birika la maji. Wale ndege hutua wanywe na kuondoka, hawangojei mtu amalize salamu. Nikawaambia walimu haraka, haraka, na darubini nne zikapanda juu kwa pamoja.

Nyuma ya firigogo, Mzee, kina mama walikuwa wanaoga.

Mawe yaliyotufuata sitayahesabu. Tuliambiwa turudi Meru tukawatazame mama zetu. Mama Habiba akaburuta matawi ya miiba akaziba ile njia ya kuingia kwenye mawe meusi, na ndege wako wote wakabaki upande wa pili.

Wangefunga kwa sababu ya wageni tu, ningevumilia. Kilichoninyima raha ni kitu kingine, na nakiandika haraka kabla sijabadilisha nia. Ile siku mguu wako ulikuwa umevimba, ukabaki kisimani na darubini, ukanituma mimi mbele kwenye mawe kwa kuwa macho yangu, ulisema, bado mapya. Nikarudi nikakuambia nimemwona kipozamataza, nikakuonyesha na mikono jinsi alivyoruka. Ulifurahi. Ukaandika kwenye daftari. Tulipofika Ruiri ukanipa bakuli mbili za supu.

Sikuwa nimemwona. Jua lilikuwa kali nikalala chini ya mgunga.

Ukafa ukiwa na ndege wa uongo kwenye daftari lako, na mimi ndiye niliyemweka. Na mahali pekee pa kumtafuta yule wa kweli, nilikuwa nimepafungisha mwenyewe.

Wiki iliyopita nikaenda peke yangu, kwa miguu kutoka barabarani, na majani ya chai na sukari kama ulivyokuwa ukibeba, darubini imefungwa ndani ya mfuko. Nikaketi nje ya miiba tangu asubuhi. Ngamia wakanywa, mbuzi wakanywa, wote wakinitazama kama mwizi. Mwishowe Mama Habiba akaja. Nikamweleza tulikuwa tunatazama firigogo. Akaniuliza ni mwanamume gani anampita mwanamke kwa macho ili aone ndege. Nikamwambia ni mimi, na marehemu Swaleh. Alipolisikia jina lako akanyoosha mkono nimpe darubini.

"Basi leo oga wewe," akasema. "Sisi tutatazama ndege."

Nilidhani ni mzaha mpaka nikaletewa sabuni. Nikavua shati, nikasimama kando ya birika nikajipaka povu, na wale kina mama wakapanga foleni kule kwenye mawe wakipokezana darubini yako. Mmoja akauliza kama huko bucha hawanipi nyama, maana mbavu zangu amezihesabu zote. Mwingine akaona kovu la mgongoni akataka kujua nani alinichapa. Wakacheka mpaka watoto wakaja kuangalia kuna nini. Mimi huyu, Koome wa Ruiri, sina pa kujificha.

Zamu ilipomrudia Mama Habiba, akaniangalia kidogo akachoka. Akageuza darubini upande mwingine. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Wewe kijana, kuna kitu kinaimba hapa juu ya jiwe. Hakina hata rangi. Ndicho kilichokuwa kinamsumbua Swaleh?"

Nina sabuni machoni, Mzee. Nikajifuta na shati, nikatembea polepole nikichuruzika maji. Yule ndege alikuwa hatua kama ishirini. Akapanda juu akiimba, akaning'inia hewani kidogo, akashuka kwenye mawe meusi, na pembeni mwa mkia nikaona ule weupe uliokuwa ukinichorea kwenye karatasi za kufungia nyama. Ndiye. Machozi yakanitoka. Ukiulizwa huko, sema ni sabuni.

Miiba aliiondoa mwenyewe, kwa sharti kwamba kila mgeni apitie kwake kwanza, na darubini ianzie kwake. Sasa anawajua firigogo kunishinda. Juzi alinisahihisha mbele ya watu.

Nilipofika nyumbani nikalifungua daftari ili nifute uongo wangu. Ndege wako wote umewawekea alama ya vyema. Nikaitafuta ile siku, nikakuta umeandika hivi:

"Kipozamataza: bado. Koome amelala chini ya mgunga, nimemwona kwa darubini. Hajambo."

Mzee. Ulikuwa unajua. Ulinitazama nikikuigizia yule ndege kwa mikono, ukatikisa kichwa kwa furaha, ukanipa supu. Tena bakuli mbili. Nimecheka hadi mama yangu akauliza kama nimerukwa na akili.

Neno lako "bado" sijalifuta. Chini yake nimeandika: ameonekana, wa kwanza kumwona ni Mama Habiba, wa pili Koome, akiwa na sabuni. Kisha nikaweka alama ya vyema kwa kalamu yako ile nyekundu ya kuandikia bei.

Lala salama, Mzee Swaleh. Nakuahidi mawili. Darubini haitatoka mfukoni kabla ya salamu. Na sitaandika kwenye daftari ndege ambaye sijamwona, maana sasa sijui unanitazama ukiwa wapi.

Wako,
Koome
(nikiwa macho)