Nimekula Jibu la Mama Nanjala

Kitale, Alhamisi jioni. Mvua ya mchana imekatika na jua limetoka kidogo, la kuaga tu. Suruali yangu inaning'inia kwenye kamba nyuma ya nyumba ya wageni, ikidondosha matope mekundu ya Mlima Elgon. Mimi nimejifunga leso ya maua niliyoazimwa na mwenye nyumba. Sipendezi kutazamwa, lakini nina furaha kama mjinga.

Kwa anayefika kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mwanamume wa hamsini na kitu kutoka Nakuru, nimeuza rangi na misumari karibu maisha yangu yote, na mwezi huu nimeamua kuzunguka nchi na mkoba mgongoni kama vijana. Mkoba wenyewe ni wa binti yangu, Wambui. Ni wa zambarau na una picha ya paka. Mke wangu alinipa ruhusa ya kusafiri upesi mno, jambo ambalo bado nalifikiria.

Hapa nimefikia kwa Rasoa, mama wa makamo mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa amenichimba hadi jina la binti yangu, na tangu hapo naitwa Baba Wambui. Jana akaniambia kwamba leo wanapanda kuona maporomoko ya maji, ndani ya msitu juu ya Kapsokwony. "Twende na wewe. Hulipi kitu."

Nilijisikia, bana. Nikajiambia, mzee, kumbe watu bado wanakupenda.

Hawakunipenda. Walihitaji ukuta.

Dereva na kiongozi wetu alikuwa Wekesa, kijana wa miaka thelathini hivi ambaye kazi yake ni kupeleka wageni mlimani. Nikakaa mbele naye, Rasoa nyuma. Tulipofika Kamukuywa tukamchukua rafiki wa Rasoa wa kwaya, Mama Nanjala, mjane anayeuza maharagwe soko la Misikhu. Alisalimia gari zima bila kumtazama mtu, akaingia na kujibana nyuma kabisa ya kiti cha dereva, ingawa upande wa pili ulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kioo cha ndani cha gari kimegeuzwa kikatazama dari. Mimi ni mtu wa kusaidia. Nikanyoosha mkono, nikakirudisha mahali pake.

"Yesu wangu!" ikatoka nyuma. Mama Nanjala akajifunika leso usoni. Wekesa akafumba macho, naye yuko usukani.

"Baba Wambui, geuza hiyo kioo!" Rasoa akapiga kelele. "Ati unataka kutumaliza?"

Nikageuza. Ndipo Rasoa akanieleza, kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa akingoja kuulizwa. Wekesa anataka kumwoa Nanjala, binti wa pekee wa huyu mama. Na kwa Wabukusu waliolelewa kama hawa wawili, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Si ugomvi, ni heshima. Wekesa amekwisha kufika mara moja kwa baba wadogo wa msichana, kwa hiyo ni mkwe tayari kwa heshima, ingawa bado si mkwe kwa ruhusa. Ruhusa iko kwa mama, na mama bado hajatamka. Wazee wa kijana wanangoja kuambiwa waje au wasije.

"Sasa nitamjuaje mtu ambaye siwezi kumwangalia?" Mama Nanjala akauliza kutoka ndani ya leso. "Kila mtu ananiambia anaongea vizuri. Anaongea na Wazungu, anaongea na polisi, anaongea na mbuzi. Mtu wa maneno hivyo, msichana wangu akisema neno nyumbani litasikiwa na nani?"

Aliyesemwa alikuwa ameketi mbele yake kama shati lililotundikwa, akiendesha gari.

Safari nzima, basi, ilikuwa mpango wa Rasoa. Mama atembee nyuma ya kijana siku moja, amwone akifanya kazi. Mgongo si uso, alisema Rasoa. Na katikati yao awekwe mtu asiye wa ukoo wa yeyote, wa kubeba maneno huku na huko. Mtu mpana kiasi.

Nikajitazama tumbo. Uchaguzi ulikuwa wa haki.

Gari tuliliacha kwenye boma la mkulima wa vitunguu, mahali barabara inapokata tamaa. Wekesa mbele na panga lake, mimi, Mama Nanjala na gamubuti zake za mpira, Rasoa nyuma na kikapu kichwani. Tukapita mashamba ya mahindi yaliyoning'inia kwenye mteremko hata ukashangaa mkulima analima bila kufungwa kamba. Kisha msitu ukatumeza. Miti minene yenye ndevu za kijani, mbega wakiruka juu na mikia yao myeupe kama mapazia yaliyochukuliwa na upepo, na baridi ya asubuhi ambayo ilikuwa bado haijaondoka saa hizo.

Kazi yangu ikaanza mara moja.

"Baba Wambui," Wekesa akasema bila kugeuka, "mwambie mama hapa pana utelezi."

"Mama, hapa pana..."

"Nimesikia."

"Basi kama umesikia..."

"Nimesikia, lakini niambie."

Nikamwambia. Akaniambia nimwambie asante. Nikamwambia. Watu hawa walikuwa hatua chache tu kutoka mmoja kwa mwingine, na nataka ieleweke kwamba nilikuwa nahema kama fahali.

Mwanzoni nilicheka moyoni. Nikaona ni usumbufu wa bure, mambo ya zamani, si waongee tu yaishe. Mimi ndiye niliyezoea kumaliza kila jambo kwa kuongea, hata yale ambayo kuongea ndiko kulikoyaleta.

Halafu nikaanza kujikwaa.

Kila palipokuwa na mteremko mkali, Wekesa alikuwa akikata vidato kwenye udongo kwa panga. Mimi nina miguu mirefu, na vile vidato vilikuwa vifupi, vimekaribiana, kila kimoja kinaniangusha. Nikataka kumwambia, kijana, kata vizuri. Ndipo nikageuka nikamwona Mama Nanjala akishuka nyuma yangu wima, taratibu, kama anayeshuka ngazi za kanisa. Vilimtosha kabisa. Hajamtazama mama huyu hata mara moja, lakini alijua urefu wa hatua yake. Sijui aliujulia wapi. Labda kwa sauti ya zile gamubuti.

Upupu ulioinamia njia aliukata, akautupa mbali upande wa bondeni. Palipokuwa na jiwe legevu alilikanyaga yeye kwanza, likigeuka analing'oa. Mama alipoanza kupumua kwa shida, yeye ndiye aliyesimama akasema anataka kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilimwona Mama Nanjala akizitazama hizo ndala.

Tukafika kwenye kijito. Daraja lake ni gogo moja lenye kuvu, na maji chini yake yana haraka. Wekesa akavuka, akasimama ng'ambo, akatazama miti. Mama Nanjala akatazama gogo. Goti lake la kulia si zima, ndiyo maana binti alikuwa amemkataza kuja.

"Mpe mkono, Wekesa, jamani!" nikasema. "Hapa hakuna wazee wa kuona!"

Rasoa akashusha kikapu.

"Mimi nipo," Mama Nanjala akasema polepole. "Mimi nitaona. Afadhali nirudi."

Na angerudi. Nilimwona akigeuka, na Wekesa, kwa kuuona mgongo wangu ukilegea, akajua. Safari ilikuwa inaishia pale, na pengine na harusi, kwa sababu ya mdomo wangu.

"Baba Wambui," Wekesa akasema, sauti yake ndogo, "tafadhali, kaa katikati. Mimi nikushike mkono huu, mama akushike ule."

Nikapanda gogo. Wekesa akalirudia gogo kinyumenyume, akanishika kulia, Mama Nanjala kushoto, tukaanza kusogea upande upande kama kaa. Tulifika karibu. Nilikuwa hata nimeanza kujisifu. Ndipo kiatu changu kipya, kile muuzaji alichoniapia kwamba kinashika hata sabuni, kikaachia.

Nikaanguka ndani hadi kiunoni. Mama Nanjala akabaki ameketi juu ya gogo, amelikumbatia kwa mapaja, mkono wangu hajauacha. Wekesa naye anavuta wa pili.

"Baba Wambui, mwambie asikuvute hivyo, atakung'oa bega!"

Nikiwa ndani ya maji ya barafu nikasema, "Wekesa, mama anasema usinivute hivyo."

"Mwambie mama yeye ndiye aache kuvuta."

"Mama, anasema..."

Rasoa alikuwa ameketi chini ng'ambo tuliyotoka, kikapu kando, analia kwa kicheko. Nikatolewa kama gunia. Mama Nanjala akamalizia gogo kwa makalio, bila kuguswa na mtu, na uso wa mtu anayeingia ofisi ya chifu.

Miguu ndiyo iliyojua kwanza kwamba tumefika. Ardhi ilitetemeka kidogo chini yetu kama sakafu ya posho mili, kinu cha unga, mashine ikiwashwa. Kona moja zaidi, na maporomoko yakawa mbele yetu.

Maji yanatoka kwenye mwamba mweusi juu kabisa, na hayashuki, yanajiachia. Katikati ya hewa yanapasuka kuwa moshi. Nyuma yake kuna pango, na mbayuwayu wanapita katikati ya pazia lile wakiingia na kutoka, kama wenye nyumba. Majani ya kando yanatikisika bila upepo, kwa pumzi ya maji yenyewe. Nilikuwa nimetayarisha sentensi nzuri kwa ajili ya ukurasa huu. Nilisimama mdomo wazi, mdomo ukajaa ukungu, sentensi ikapotelea humo.

Mama Nanjala alivua gamubuti akasimama kwenye maji ya ukingoni. Akanikaribia sikioni. "Kumbe hii maji inafanya hivi kila siku," akasema, "hata siku ya soko, mimi nikipimia watu maharagwe."

Sijasikia mtu akilisifu jambo vizuri zaidi.

Tukakaa kula kwenye mwamba bapa. Wekesa alichukua sahani yake akaenda nyuma ya jiwe kubwa, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe. Aliketi mahali ambapo aliniona mimi lakini hakumwona mama. Mama Nanjala akafunua hotpoti: kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Akatafuta mle ndani kwa makini, akatoa firigisi, akaiweka kwenye kifuniko, akanipa kwa mikono miwili. Akaonyesha kwa kidevu tu.

Nikaguswa sana. Siku nzima nimebeba maneno ya watu, nimeanguka mtoni, na sasa huyu mama ananishukuru.

Nikaila.

Rasoa akashika kichwa. "Wuui! Baba Wambui! Umekula jibu!"

Nikasimamisha taya, lakini hapakuwa na cha kuokoa. Rasoa akanieleza harakaharaka. Kwa Mama Nanjala firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Akimpelekea kijana, amemkaribisha nyumbani. Akimpa mgeni wa kupita, kijana aelewe mwenyewe, aende zake. Mambo kama hayo hayasemwi, yanapelekwa. Na mpelekaji nilikuwa mimi.

Nikatazama kwenye jiwe. Wekesa alikuwa ameniona nikitafuna.

Aliweka sahani yake chini, chakula hakijaguswa. Akachukua panga, akaenda mwanzo wa njia, akasimama ametupa mgongo, akingoja kuturudisha salama. Hakulalamika. Hata wakati ule nilimwona akisukuma kwa mguu tawi lililoziba njia.

Nikamkimbilia. "Wekesa, ni mimi! Ni tamaa yangu! Ilikuwa yako!"

"Sawa, mzee wangu," akasema kwa upole. "Asante. Usinihurumie."

Nani angeniamini? Midomo yangu ilikuwa bado na mafuta.

Nikageuka kumtazama Mama Nanjala. Mjumbe wake ameharibika, jibu liko tumboni mwangu, na kijana anaondoka nalo la uongo. Alisimama. Akafunga leso vizuri. Akaingia majini hadi magotini, akayapa maporomoko uso wake na sisi mgongo, na akapaza sauti ambayo sikujua kwamba mtu wa kwaya anayo.

"Wewe maji! Waambie wazee wa Wekesa waje Jumamosi! Mimi, mama ya Nanjala, nitakuwa nyumbani! Na nitapika kuku mwingine!"

Mwamba ukairudisha. Jumamosi, ikasema. Kuku mwingine.

Wekesa akageuka. Mdomo ulifunguka. "Baba Wambui, mwambie mama..." akaanza. "Mwambie..."

Nikangoja. Huyu ndiye anayeongea na mbuzi. Hakikutoka kitu. Akachuchumaa pale njiani, panga mapajani, akajifuta uso kwa shati.

Nikaenda ukingoni. "Mama, anasema... kwa kweli hasemi kitu. Maneno yamemwishia."

Mama Nanjala hakugeuka. Lakini nilikuwa upande wake, nikaona shavu likipanda.

"Hiyo," akasema, "mwambie nimeisikia."

Nikaenda kumwambia. Nilikimbia.

Nimealikwa Jumamosi, kwa masharti: nilete jogoo mzima, na jikoni nisikanyage. Kesho asubuhi naingia sokoni Kitale kumtafuta. Ila leo, kabla sijalala, nataka kumpigia binti yangu simu nimuulize kama kuna mtu moyoni mwake. Akisema yupo, nitaweza kweli kunyamaza siku nzima nikimtazama huyo kijana tu?