Uboho wa Kabula

Jumatatu, 4 Juni 1979
Nimechota maji, nimemwosha Kabula kitandani hapa hospitali, nimemgeuza. Kama jana. Mdogo wangu ana miaka tisa na viganja vyake ni vyeupe kama pamba. Kaongezwa damu chupa tatu, zote zimeyeyuka. Daktari anasema damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Huenda wa Kabula ni mtupu. Keshokutwa ataunyonya kidogo kutoka mfupa wa nyonga, apime.

Jumatano, 6 Juni
Sindano nene. Kabula kanyamaza, nimelia mimi. Daktari akaeleza, nikamfasiria Bibi kwa Kisukuma huku natazama sakafu. Kwenye uboho kuna seli mama. Zinazaa damu maisha yote. Zikifa, Ulaya wameanza kuchukua uboho wa ndugu na kumpa mgonjwa. Hapa hatuwezi.
Ndugu ni mimi. Aliposema hatuwezi, nilifurahi. Najichukia.
Bibi kaondoka kwenda kwetu Songwa. Hakusema anafuata nini.

Jumamosi, 9 Juni
Bibi karudi juu ya lori la pamba na beseni la mifupa. Kamchinja Limi, ng'ombe wetu wa maziwa!
"Mwangaluka, daktari," kamsalimu kwa Kisukuma. "Huyu kamnywesha Kabula tangu aachishwe ziwa. Mnataka ndugu gani tena?"
Nikafasiri, wodi nzima inasikiliza. Muuguzi kaangua kicheko: "Bibi, mtoto ataota pembe!" Nilitamani kufa.
Daktari hakucheka. Kapokea beseni kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mama. Kazi ya uboho umeielewa kuliko wanafunzi wangu. Ila wa ng'ombe huzaa damu ya ng'ombe tu. Njoo uone wa mjukuu wako."
Akamkalisha kwenye hadubini. Si mtupu! Seli zimejaa, ila hazikomai, zimekosa lishe. Vidonge vitatosha. Nami nikachungulia. Zambarau, nyingi, zinasukumana. Songwa nimeona almasi. Hazifikii uzuri wa hizi.

Jumatatu, 18 Juni
Damu imepanda bila chupa. Vidonge vidogo vya njano, basi! Daktari kaniazima kitabu cha Kiingereza. Nusu sielewi, nanakili michoro. Nataka kazi yake. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 26 Juni
Tumeruhusiwa. Toka barabarani hadi nyumbani Bibi alitaka kumbeba mgongoni. Kabula kakataa. Katembea mbele. Anasimama, anahema, anaendelea. Mimi nyuma, polepole kusudi, nisimpite.