Pasi ya Siku Tatu kwa Twiga Mmoja

Jericho, 3 Mei

Dada Kavindu,

Pokea mkono wangu, ungali na wino wa ofisi. Sisi wazima. Goti linalia nikipanda ngazi. Daktari alisema kosa ni la tumbo, nami nikabadilisha daktari. Mgongo wako je? Na mbuzi?

Umesema utakuja siku tatu uione Nairobi. Kuna kitu kinaitwa pasi: kadi moja, siku tatu, makumbusho matano, unaingia na kutoka upendavyo. Nimepiga hesabu, mimi karani wa miaka ishirini na sita, nikaona haikufai. Makumbusho matano hutayamaliza. Wewe ukiona kiti unakaa. Afadhali tiketi ya mlango mmoja.

Na mlango wenyewe ninaujua. Mwezi jana tulitembezwa huko na watu wa ofisi. Ndani ya kabati la kioo nikamwona twiga wa mti, amelala, masikio yamelegea. Dada, ni masikio ya mbuzi! Unakumbuka Baba hakuwahi kumwona twiga, akamchonga huku akimtazama mbuzi wetu? Kibao kinasema: "Fundi hajulikani. Masikio yaliyolala ni ishara ya heshima kwa wahenga." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa.

Barua nampa Walter wa basi, maana simu yako hushika Jumapili tu.

Mdogo wako,
Mutie

Wamunyu, 10 Mei

Mdogo wangu Mutie,

Mgongo upo, mbuzi wapo, mvua haipo. Umesoma "hajulikani" ukatikisa kichwa? Mwana wa mama, kichwa hicho nilikibeba mgongoni miaka miwili. Ningejua ningekiangusha.

Pasi ninayoijua ni ya makaa, ila hiyo yako ninunulie. Milango mitano ya nini? Nataka mmoja, siku tatu. Siku ya kwanza watanicheka. Ya pili watanituma kwa mkubwa ambaye hayupo. Ya tatu watachoka. Tiketi ya mara moja ni ya mtu anayekwenda kutazama. Mimi nakwenda kudai jina la Baba.

Twiga yule alipasuka tumboni alipokuwa akikaushwa. Baba aliuziba ufa kwa kifungo cha sweta yangu ya shule, cha buluu, nami nikachapwa kwa kuvaa sweta wazi. Watamgeuza, watakiona.

Dada yako,
Kavindu

Jericho, 15 Mei

Dada,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu, ingawa si nyingi mno. Pasi nimenunua. Msichana wa dirishani akauliza kama mgeni wangu ni mtafiti. Nikamwambia ni zaidi ya hapo.

Naomba jambo moja tu: usipaze sauti. Watu kule hunong'ona kama wako matangani. Siku ya kwanza nitakusindikiza, halafu nina kazi nyingi ofisini. Sawa, nina aibu. Umefurahi?

Mdogo wako mwoga,
Mutie

Wamunyu, 25 Mei

Mutie,

Nimefika salama, na chapati zako ngumu nimewapa mbuzi. Hawajambo bado.

Nilitoka kule moja kwa moja hadi kwenye basi la Walter, kwa hivyo hukuisikia habari ya siku ya tatu. Ya kwanza unaijua, ingawa ulikwenda "kutafuta choo" ukarudi saa kumi. Ya pili mkubwa hakuwepo, kama nilivyokwambia. Ya tatu, Raho, yule askari wa mlangoni, akasema, "Mama, ni wewe tena?" Nikamwonyesha pasi. "Siku tatu, binti yangu. Soma." Akacheka, akaniletea kiti.

Nikakaa kando ya twiga. Kila aliyesoma kibao nikamwambia: fundi anajulikana, ni Nzomo, baba yangu, na masikio hayo ni ya mbuzi. Saa nane mkubwa akajitokeza mwenyewe, amevaa glavu. Wakamgeuza.

Kifungo kipo. Buluu ile ile.

Mkubwa akasema shauri litapelekwa kwa kamati. Pasi yangu imekwisha, Mutie. Sasa ni zamu ya kichwa chako.

Dada yako,
Kavindu

Jericho, 30 Agosti

Dada Kavindu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya cha miezi mitatu. Niliona haya kuandika mikono mitupu. Goti limepona, labda kwa kutembea.

Mwezi Juni nilinunua pasi ya mwaka mzima. Ndiyo, mimi. Kila Jumamosi nakaa kwenye kiti chako. Mara ya kwanza nilinong'ona hata twiga hakusikia. Siku hizi Raho huniambia, "Mzee, punguza sauti kidogo."

Juzi wamebadilisha kibao. Wahenga wameondolewa. Sasa kinasema: "Huenda ilichongwa na Nzomo wa Wamunyu."

Mkubwa akanipa mkono. "Mzee Mutie, sasa si unaweza kupumzika nyumbani?"

Nikamuuliza, "Hiyo 'huenda' ni ya nini?"

"Ni lugha ya kitaalamu tu."

"Na kile kifungo, huenda ni cha sweta ya nani?"

Akatazama saa yake. Dada, zamani ningetikisa kichwa. Nikavuta kiti.

Wao wameandika huenda. Nami huenda kila Jumamosi, na pasi yangu inaisha Juni mwakani. Tutaona nani atachoka kwanza.

Mwana wa Nzomo, bila huenda,
Mutie