Majani ya Mfukoni mwa Koti Lako

Kanyosha, Bujumbura,
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Rénovat,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Ubelgiji. Unalala? Unakula? Najua watu huuliza na kupita, lakini mi leo nataka jibu. Simu hushiki, wiki ya pili sasa, ndiyo maana barua hii naipitisha kwa Ingrid wa jirani anayerudi huko Jumamosi.

Sisi tupo. Mama amepona, kwa hiyo usianze kulia kabla hujamaliza kusoma.

Lile koti uliloliacha ulipokuja Noeli, mama alitaka kulifua. Mfukoni akakuta kipaketi kinachong'aa, ndani majani makavu. Unamjua: chochote cha mwanawe wa Ulaya ni baraka. Akasema ni chai ya kule, ya kifua. Akaichemsha na maziwa, akanywa kikombe kizima.

Haikupita saa. Moyo ulimwenda mbio mpaka kitenge kinatikisika kifuani. Akatapika, akaanza kumwita marehemu baba, kisha akaanguka amekakamaa, macho juu. Majirani walitaka tumpeleke kwenye chumba cha maombi. Nikawafokea wakubwa zangu, Mungu anisamehe, tukamkimbiza hospitali.

Wakashuku bangi, wakampima, hawakuona kitu. Dokta alipokitazama kipaketi nilichokibeba ndipo akatueleza: majani yenyewe si kitu, yamenyunyiziwa dawa ya maabara inayoiga bangi na kuishinda ukali. Kipimo cha kawaida hakiioni. Leo unavuta unacheka, kesho hiyohiyo inakusimamisha moyo, inakuharibu figo au inakuvuruga akili, maana hata anayekuuzia hajui imetiwa kiasi gani.

Nilikasirika, Rénovat. Barua ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikaichana. Kisha nikakumbuka Noeli: lile jasho, na ulivyokuwa ukishtuka kila mlango ukifunguliwa. Tukasema ni uchovu wa ndege. Sisi nasi tulikuwa vipofu.

Mama hataki nikugombeze. Jana amekaa kitandani, akasema: "Mi nilianguka, mukaniinua. Muulize, ye akianguka kule, ni nani anamuinua?"

Nijibu hilo tu. Halafu nenda kwa daktari, umtajie kitu hicho bila aibu.

Amélie na mjomba Népomuscène wanakusalimu. Mungu akulinde huko tusikofika. Koti limefuliwa, linakungoja msumarini. Mifuko yote mama ameishona ikazibwa.

Dada yako akupendaye,
Pascaline